Macho Yaliyokata Kabla ya Mkasi

Asifiwe mwanangu,

Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kutokalia upande wa moshi ndani ya boti, ya kusalimia wakubwa wa Kalemie kwa mikono miwili, hayo mama yako amekwisha kukuambia. Atakuambia tena kesho bandarini Kalundu, mbele ya abiria wote, weye ukitafuta pa kuficha uso. Namwachia kazi hiyo. Minye nina jambo moja tu, na naliandika kwa sababu mdomo wangu siuamini. Unaujua. Ni mdomo mzuri, umeuza sketi zilizopinda kwa wanawake wenye macho mazima, lakini kwa jambo hili utaniuza na mimi.

Jambo ni mashini ya kushona. Juma lililopita uliniambia, "Papa, bakia nayo. Nitapata ingine kule." Ulisema umeinama, unakunja nguo zako, kama mtu anayempitishia mwenzake sahani ya ndagala. Na mimi nikajibu, "Basi, kama unaona hivyo." Nilijibu haraka. Mteja akikubali bei yangu haraka namna ile, huwa najua kuna mtu kati yetu aliyepunjwa.

Nataka uondoke nayo kesho. Nimeliandika hapa juu ili hata nikiharibu huko chini, liwe limekwisha kusemwa. Sasa kaa, nikueleze juu ya nini. Weye uko huko Kasenga unaaga rafiki zako, jua limeingia mpaka miguuni pangu, mgongo unaniuma, na leo sina kazi mezani. Nina nafasi.

Ulipozaliwa nilikuwa kijana wa ndevu za kutafuta kwa kioo. Shule nilikuwa nimeiacha mwaka wa pili wa sekondari, shule nayo ilisema imeniacha, hatukugombana. Kushona nilikuwa najua, hilo hata adui zangu hawabishi, lakini nilishonea mashini za watu. Mama mkwe wangu, yule mama mzaa mama yako, akashuka kutoka Runingu kuja kukuona, amekaa juu ya gari la mihogo, na ile mashini nyeusi imelazwa pembeni yake, imefunikwa kikwembe kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Alikuwa ameilimia kwa jembe lake. Nilipoiona nikapiga magoti hapo hapo barabarani, nikaanza kushukuru.

"Simama," akasema. "Nani amekupa? Haiko yako. Iko ya mutoto. Weye utaitumikisha mupaka akuwe mukubwa, halafu utamupa."

"Mama, mutoto hata shingo haijakaza."

"Iko yake na shingo hiyo hiyo."

Majirani wakacheka. Mimi pia nilicheka, na mkono wangu ulikuwa tayari juu ya gurudumu.

Hadithi ya korali, wale waimbaji wa kanisa, unaijua, umeibeba shuleni: walikuita "Mutoto ya Kipande." Siku moja ulirudi unalia, nikakuambia ni wivu wa watu. Ulikuwa uongo. Watu wanaisimulia kama wizi wa kitambaa, na haikuwa wizi. Ingekuwa wizi ningeisimulia vizuri zaidi.

Desturi yetu ni kwamba mtu akileta kikwembe, nguo ni yake, vipande vinavyobaki ni vya fundi. Hakuna anayevidai, akividai mtaa mzima utasema ana mkono mgumu. Tunashonea mifuko, kofia za watoto, viraka. Ni haki. Sasa korali ya kanisa letu wakaleta kitambaa cha sikukuu, bluu yenye ndege weupe, kizito, kinachoanguka vizuri. Nilipokitandaza mezani nilijiona nimekwisha kukivaa. Jumapili hiyo hiyo ya sikukuu weye ulikuwa unapelekwa mbele kuombewa baraka, na mimi sikuwa na shati la maana. Basi, badala ya kukata nguo zao kisha nione kimebaki nini, nilianza na shati langu. Nililipima kichwani, nikalitenga kichwani, kisha nikawagawia wale mama kilichobaki. Nikapunguza kwapani, nikapunguza mgongoni, kidogo kidogo kwa kila mmoja. Fundi mjinga hawezi kazi ile. Walipokuja kujaribu, nguo zote zilikaa, maana ni nani anayejaribu nguo akiwa amenyanyua mikono?

Jumapili wakaimba. Mwanzo walisimama vizuri. Kisha wimbo ukafika pale pa kumwinulia Bwana mikono, wakainua wote pamoja, na kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho nikasikia kraaa, kama gunia linapasuliwa. Wimbo haukusimama, nawasifu kwa hilo. Waliendelea na viwiko vimebanwa mbavuni. Halafu macho yao yakaja nyuma ya kanisa, yakanikuta nimesimama na mtoto mikononi, nimevaa ndege weupe.

Mama Furaha, kiongozi wa korali, alinikuta mlangoni ibada ilipokwisha. Hakupiga kelele. Alinishika kola, akainyoosha.

"Fundi, kipande chako kimetosha muzuri."

"Mama, kitambaa kilikuwa kifupi."

"Kilikuwa kirefu mupaka kikakufikia na weye kule nyuma."

Shati lenyewe, sikufichi, lilikaa. Hakuna shati lililowahi kunikaa vile. Sikulivaa tena. Na unajua somo nililotoka nalo? Acha nafasi kwapani. Basi. Macho yakabaki yale yale, ni mkasi tu uliojifunza adabu.

Jina la ugonjwa wangu nililipata baadaye, ulipokuwa unaanza shule, kwa mtu ambaye sikumtazamia. Wageni walikuja kutengeneza mabomba ya maji, na mmoja wao alikuwa muinjinia mfupi mwenye mvi. Watu walimwita Muhindi. Yeye akasema kwao ni Sri Lanka, kisiwa, nchi nyingine kabisa. Watu wakasema sawa, Muhindi. Alikuwa amekaa Tanzania miaka mingi, basi Kiswahili chake kilinyooka kama cha redio; mimi nilikuwa napinda changu kwa makusudi ili asinione mjinga, anione mjanja.

Alileta kitambaa cheupe alichotumiwa na mama yake. Dini yake ni ya Buda, na mwezi ukiwa mzima watu wa kwao huvaa nyeupe, huenda hekaluni. Hapa kwetu hekalu halikuwako, lakini alitaka shati hata hivyo, akae nalo chumbani kwake, asali peke yake. Hakuondoka. Alikaa kwenye benchi akanitazama nikikitandaza. Asifiwe, kile kitambaa kilikuwa kinapita vidoleni kama unga wa muhogo. Mzee akaanza kucheka polepole.

"Fundi, macho yako yamekwisha kukata."

"Yangu? Minye bado natafuta chaki."

"Shati langu umelipima mara moja. Pale pembeni umerudi mara ngapi?"

Nikamwambia huku kwetu vipande ni vya fundi, aulize muntu yeyote. Akasema anajua, na kipande angeniachia bila neno. "Sisemi juu ya kipande. Nasema juu ya kile kilichopita usoni mwako."

Hapo akanipa neno. Ni la Kipali, lugha ya zamani ambayo watu wa dini yake wanasomea mafundisho yao: abhijjhā. Ulimi wangu ukatoa "abija", akasema inatosha, nisijiumize.

"Ukiona kitu cha mwenzako ni kizuri," akasema, "bado si abija. Ukisema na mimi nitafute cha namna ile, bado. Abija ni pale moyo unapokishika hicho hicho cha mwenzako, ukakigeuza kikutazame wewe: laiti hiki kingekuwa changu."

Nikacheka kwa dharau. "Kwa hiyo kwenu hata kuwaza ni kosa? Hapa polisi hawakamati mawazo, mzee."

"Hata kwetu hawakamati. Ndiyo maana kila mtu anayaficha humo."

Akaniambia kwao wanatenga matendo mabaya ya mwili, ya mdomo, na ya moyo peke yake. Kuiba ni kwa mwili. Abija ni ya moyo. Inaweza kukaa miaka ndani ya mtu na mkono wake usisogee hata kidogo, na mtu huyo akasifiwa kuwa mwaminifu. Na akasema mafundisho yao yakimwambia mtu aiweke kando, mara nyingi hayaitaji peke yake. Yanaitaja pamoja na huzuni. Nikamwuliza huzuni inaingiaje hapo, mbona mwenye kutamani ana hamu, hana huzuni?

Akaelekeza kidole kwenye kitambaa. "Sasa hivi, ulipokuwa unakitazama, ulikuwa na furaha?"

Nilikuwa na gunia zima la vipande nyumbani, na nilikuwa nimekaa pale kama mtu aliyenyimwa.

Mchungaji wetu amehubiri "usitamani" tangu sijaota meno, na mimi nilikuwa naitikia amina huku natazama viatu vya aliyekaa mbele yangu. Usije ukamwambia tantine, shangazi yako wa Kalemie, kwamba papa amekuwa mtu wa Buda. Bado ni wa kanisa lile lile, benchi lile lile la nyuma. Ila mchungaji alinikataza kuingia, na yule mzee akanionyesha mlango ninaoingilia.

Usifikiri nilipona, nimechoka na watu wanaosimulia namna walivyopona. Nilimkatia shati pana, nikamrudishia vipande vyote. Alikataa, nikasisitiza, akavichukua ili nipumzike. Na siku nzima nilijiona nimeporwa. Hapo ndipo nilipoifahamu vizuri: inakufanya uomboleze kitu ambacho hakijawahi kuwa chako.

Miaka ikaenda. Nikanunua mashini yangu mwenyewe, nikaiweka kwenye kibanda kule chini, karibu na maji, ambako wateja wa sokoni wanapita. Yako ikabaki nyumbani, mama yako akakufundishia. Kisha ziwa likapanda, unakumbuka, watu wakiingia majumbani mwao kwa mitumbwi. Niliporudi kibandani, mlango ulikuwa unaelea na mashini imekaa chini ya tope pamoja na nguo za watu. Fundi Mastaki, ambaye kibanda chake kiko juu barabarani, aliniletea turubai na chai. Nilikunywa ile chai nikitazama bati lake lilivyokauka, na nilimchukia. Hakuwa amenifanya kitu. Kosa lake lilikuwa kuwa mkavu. Nilirudi nyumbani na huzuni ambayo nilisema ni ya ziwa. Nusu yake ilikuwa ya bati la Mastaki.

Kesho yake nikachukua mashini yako, nikasema, "Kwa muda." Ulikuwa msichana mdogo, ukasema ndiyo. Sikumbuki siku niliyoacha kusema "kwa muda". Najua tu kwamba sasa wateja wakiniuliza, nasema mashini yangu.

Basi ukaja na habari ya Kalemie. Nilifurahi kweli, hilo nataka uliamini. Nilijisifu mtaa mzima, nikasema binti yangu anakwenda kufungua atelie, nyumba nzima ya mafundi wa kushona, nikaacha kutaja kwamba ni atelie ya tantine yako. Kisha tantine akapiga simu, weye ulikuwa karibu, ukasikia: "Aje na mashini yake, nitamupa meza yake karibu na mlango. Wasio na mashini kwangu wanapiga pasi na kutia vifungo." Nilimsikia mimi pia. Kwa hiyo nilijua. Siwezi kusema sikujua.

Kutoka siku hiyo mashini ikaanza kuugua. Umeona? Asubuhi nasema inakohoa. Mchana nasema imezeeka, safari ya boti itaimaliza. Jioni nikasema chumvi ya ziwa itakula vyuma vyake.

Mama yako akaacha kuchambua mchele. "Ziwa gani hilo liko na chumvi?"

"Unyevu, basi."

"Sema unyevu. Chumvi unaileta weye."

Sikukuomba mashini hata mara moja, Asifiwe. Hilo ndilo nililojivunia moyoni. Mkono haukusogea. Nilikaa tu karibu yako, nikihema, nikijishika mgongo, mpaka ukanipa mwenyewe. Na uliponipa nilitoka nje, nikasimama nyuma ya nyumba, nikangoja furaha ije. Nilisimama pale mpaka jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Sasa nikuambie na yako, maana siyo mimi tu mgonjwa hapa. Weye unatoa kabla hujaombwa. Tangu mdogo. Mtu akitazama hindi lako la kuchoma, unamvunjia nusu. Akitazama tena, unampa lote, kisha unasema hukuwa na njaa. Tulikusifu sana kwa hilo, nadhani tulikuharibu. Watu kama mimi wanawanusa watu kama weye kutoka mbali. Hatuibi. Tunakaa karibu, tumevaa uso wa kuchoka, tunasubiri. Kalemie utawakuta. Watakuwa watu wazuri, wenye matatizo ya kweli, kama matatizo yangu yalivyo ya kweli. Utaona meza ya mwenzako, wateja wake, mashini yake ya umeme, na utatamani. Usiogope, utazame tu pale moyo unapoanza kuvuta. Lakini sikuogopei hapo. Nakuogopea siku mwingine atakapotazama meza yako.

Jana nilikwenda kwa Mastaki. Ndiyo, yule yule ambaye nimesema maisha yangu yote kwamba suruali zake mguu mmoja unaelekea Bukavu na mwingine Baraka.

"Karibu, mufalme," akasema bila kunyanyua kichwa. "Umekuja kunifundisha kukata?"

"Nimekuja kuuliza kama ile mashini ya nyuma iko na muntu."

Akanyanyua kichwa. Wenzake wakaacha kukanyaga pedali.

"Yako iko wapi?"

"Iko ya mutoto. Anaenda nayo."

Alicheka, usidhani alinihurumia. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa koti la mteja. "Papa Kipande kwa Mastaki! Semeni wote mumeona." Kisha akasukuma kiti kwa mguu, kikanifikia. "Utaanza na zipu. Kola za watu wangu hutagusa mupaka nikuangalie."

Mimi, zipu. Nilikuwa na majibu matano mdomoni, yote mazuri.

"Sawa, patroni," nikasema.

Nilirudi kwa miguu, polepole. Nilijaribu njiani kusema kile ambacho huwa najaribu kusema tangu siku ya yule mzee: ni yake, na inamfaa. Kwa shati la mtu mwingine siku hizi naweza. Kwa bati la Mastaki naweza, nikiwa nimekula. Kwa mashini yako nilifika nyumbani bado nusu ya maneno inakataa kutoka. Nakuambia hivyo usije ukafikiri papa anakupa kwa moyo mweupe. Nakupa kwa moyo nilio nao. Unatosha kubeba mzigo mpaka Kalundu, zaidi ya hapo siahidi.

Karatasi hii nitaiweka juu ya mfuko wako, nitoke, niende nikakae kwa watu mpaka uwe umeisoma. Kichwa cha mashini nimekwisha kukifungua kutoka mezani, nimekitia mafuta, nimekifunga kwa blanketi. Ila najijua. Kesho mizigo ikianza kupandishwa nitasema, "Asifiwe, labda ungeiacha kidogo tu, nikutumie na boti inayofuata?" Nitasema kwa ile sauti ya kuchoka unayoiogopa. Hapo usinitazame usoni. Uniambie, "Papa, hapana." Sema kwa nguvu, hata wabeba mizigo wasikie. Nitakasirika kidogo, nitageuka nitazame maji. Ukiniona nimegeuka, usiongeze neno la kunibembeleza. Shika upande wako wa blanketi, ungoje. Nitakuja kushika wa kwangu.

Papa yako